Kompresa Isiyo na Namba

Mama Maziwa alimwaga sufuria ya tatu mtaroni. Maziwa yalikuwa yameganda mabonge mabonge.

"Lita ishirini!" alifoka. "Nimeyafuata jana alfajiri, leo naunywesha mtaro! Na wateja wameshaanza kwenda kwingine."

Friji ilikuwa imekufa. Siku nne tu zilizopita, mumewe, fundi wa friji, aliifunga kompresa, ile mashine ya nyuma inayoleta ubaridi. Aliinunua kwa muuza vipuri sokoni. Ilikuwa imetumika, lakini iling'aa kama mpya.

"Umemrudishia huyo muuzaji?" alimuuliza mumewe.

"Kanikana mchana kweupe! Eti nithibitishe kama imetoka kwake. Namba yake ya kiwandani imesagwa ikaisha."

"Ana macho makavu huyo!"

Jirani yao, mpimaji wa vipuri kwenye karakana, alikuja kununua maziwa akakuta kelele.

"Shoga, una haki ya kukasirika. Lakini shemeji, unanunuaje kipuri kisicho na historia?"

"Historia ya kompresa? Kwani ilisoma shule gani?"

Jirani alicheka, akatoa simu. "Karakana zetu zina daftari la pamoja. Linaitwa blokicheni. Nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi, si kwa mtu mmoja. Kila kipuri kinaandikwa kwa namba yake: kimetoka wapi, nani amekipima. Kila mstari umeunganishwa na uliotangulia. Ukichezea mmoja, nakala nyingine zinakukataa."

"Na mpimaji akiandika uongo?" aliuliza Mama Maziwa.

"Uongo utabaki pale pale, na jina lake. Kwa hiyo tazama kwanza nani amepima."

"Nani ana muda wa kupekua yote hayo?" fundi aliuliza.

"Wakala. Ni programu, si mtu. Unaiambia unataka kipuri gani na mwisho wa bei yako. Inatafuta, inakagua historia, inapatana na wakala wa muuzaji. Hainunui mpaka ubonyeze 'Kubali'."

Fundi alifurahi. Alileta mota mbili za feni ili auze, apate pesa za kununulia kompresa. Jirani alizigeuza.

"Namba ziko wapi?"

"Nilizipiga msasa, nikapaka rangi. Wateja wanapenda kitu kizuri."

Mama Maziwa alimgeukia mumewe, mikono kiunoni. "Kumbe na wewe! Unamlalamikia mwenzio, kumbe unafanya yale yale?"

"Lakini zangu ni nzima!"

"Nani atajua? Hata yeye alisema ni nzima!"

Fundi aliingia stoo, akatoka na mota yenye kutu ambayo hakuwa ameigusa. Namba yake ilisomeka. Jirani aliipima, akaiandikisha. Kabla ya jioni, wakala wa fundi wa mji mwingine aliitaka, ikauzwa, na kwa pesa hizo fundi akaagiza kompresa kupitia wakala wake.

Siku ya pili kompresa ilifika. Ilikuwa na michubuko. Daftari lilisema ilifanya kazi miaka mitatu katika duka la maua. Fundi alilinganisha namba ya kwenye chuma na ya kwenye simu, tarakimu kwa tarakimu. Ndipo akabonyeza "Nimepokea".

Mwezi ulipita, maziwa yakiwa baridi na wateja wamerudi. Hasira za Mama Maziwa hazikuisha. Jumamosi moja alikwenda sokoni, akasimama mbele ya meza ya yule muuzaji. Kijana mmoja alikuwa ameshika kompresa inayong'aa.

"Kaka, muulize namba yake iko wapi."

"Mama, nenda zako!" muuzaji alimkaripia.

Kijana aliigeuza kompresa, akaitazama chini, akaitazama ubavuni. Akairudisha mezani, akaondoka.