Kitanda cha Sita

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza Jumatatu asubuhi, kwenye wodi ambayo wagonjwa wote walikuwa wamenyolewa vipara.

Muuguzi mkuu alifungua madirisha, akaendelea na kazi. Miaka kumi na tisa ya kuuguza majeruhi wa kichwa ilikuwa imemkausha. Ndugu wa wagonjwa walimwita Jiwe, naye hakujali. Kwenye kitanda cha sita alilala mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu. Jiwe akambana ukucha kwa kalamu, akamwita sikioni. Macho, kimya. Sauti, kimya. Mkono, kimya. Alama tatu kati ya kumi na tano za kipimo cha fahamu. Chini ya hapo hakuna.

"Dada, ataamka?" mke wa mwashi aliuliza, kama kila siku.

"Daktari anasema tusubiri."

"Wa kitanda cha pili ataamka Jumatano," alisema mwashi, na mpira wa hewa bado uko kooni. "Wa nne, msimbadilishie shuka."

Jumatano, wa kitanda cha pili aliomba maji. Wa nne akafa. Daktari, ambaye vipimo vyake vilikuwa vimetabiri kinyume, alivirudia vyote upya. Jiwe alingoja hofu imjie; haikuja.

Mke akamleta mjomba wake, mtoa majini. Mzee aliweka kiganja kwenye paji la mwashi, akasoma taratibu, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ilivyozidi, mashine zikaacha kulia moja baada ya nyingine, na wagonjwa wote wodini, hata wasiofumbua macho tangu waletwe, wakageuza vichwa kwa pamoja kuelekea kitanda cha sita.

"Nani wewe?" mzee alinong'ona.

"Mpita njia. Nimekuta nyumba tupu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alitoka kabla hajafika chini."

Mzee akaondoa mkono. "Mwanangu, nikimtoa huyu, leo tunazika."

Mke alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Akampangusa mate mdomoni.

"Nenda nyumbani, mjomba."

Ijumaa mwashi alifumbua macho: kumi na tano juu ya kumi na tano. Daktari akatokwa na machozi. Baada ya wiki Jiwe akatia sahihi karatasi ya ruhusa, akawasindikiza hadi mlangoni.

"Unajua unayempeleka?" alimuuliza mke.

"Najua."

Mwashi akamuaga muuguzi kwa adabu, kisha akamwinamia mkewe.

"Watoto wetu ni wangapi?"

"Watatu," mke akajibu, akamshika mkono wavuke barabara.