Herufi za Mbao za Bibi

Kila alasiri, akishatoka shule, Chapuchapu alikuwa akivua sare, akinywa kikombe cha maji kwa pumzi moja, kisha akikimbilia chumba cha nyuma. Walimpa jina hilo la utani kwa sababu hakuna kitu alichokifanya polepole, hata kupiga mswaki.

Chumba cha nyuma ndimo Bibi alimoweka msumeno wake wa nakshi. Bibi alikuwa nesi kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, kila mtu alidhani atapumzika. Alipumzika wiki mbili tu, akachoka kupumzika. Akatafuta mashine ndogo ya umeme yenye wembe mwembamba kama uzi, unaopanda na kushuka upesi, akajifunza kukata ndege, samaki na majani kwenye plaiwudi. Fundi seremala wa jirani alipenda kumtania, "Nesi, wagonjwa wako wa siku hizi ni wapole. Unawakata na hawapigi kelele!"

Muhula ule, mwalimu wa darasa la watoto wasioona alimwomba Bibi awatengenezee herufi zote ishirini na nne, kila moja kubwa kama kiganja, ili wajifunze kwa kuzipapasa. Zilitakiwa Jumatatu.

"Utanisaidia," Bibi alimwambia mjukuu wake. "Ila usiwashe mashine nisipokuwepo. Na usiusukume ubao kwa nguvu. Uache wembe ukate wenyewe."

"Sawa, Bibi."

Walianza na herufi zenye mistari iliyonyooka. Zikabaki kumi zenye kupinda, ambazo ndizo ngumu. Alhamisi mchana Bibi alianza kukata B, kisha akaenda kliniki kupimwa presha. Chapuchapu aliporudi kutoka shule aliukuta ubao mezani, umechorwa herufi sita. Alitaka sana Bibi akirudi aikute B imekwisha. Akavaa miwani ya kukinga macho, akawasha mashine.

Kona ya kwanza ilipita vizuri. Ya pili aliona inamchelewesha, akasukuma. Wembe ukapinda, ukachana ubao hadi katikati ya D na G, kisha pah! Ukakatika. Kipande kikamgonga kwenye kioo cha miwani.

Alizima mashine. Akatazama kwenye kopo la nyembe. Tupu. Akavifukia vipande vya wembe chini ya unga wa mbao, akatoka na kufunga mlango.

Bibi aliporudi, alipitisha kidole kwenye ufa wa ubao.

"Uligusa hapa, mjukuu wangu?"

"Hapana, Bibi." Jibu lilimtoka kabla hajafikiri.

Bibi akaupeleka ubao dirishani. "Basi ni mimi," alisema taratibu. "Mchana nilisikia kizunguzungu kidogo. Nimevunja wembe, nimeharibu ubao, na wala sikumbuki."

Jioni ile Chapuchapu alikwenda kulala bila kugusa chakula.

Kesho yake alimkuta Fundi katika chumba cha nyuma akikunja waya wa mashine.

"Nimempa Fundi," Bibi alieleza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mashine hii haimfai mtu anayesahau. Mwalimu nitamwomba radhi."

Fundi alikwisha kuibeba, anaelekea mlangoni. Chapuchapu angenyamaza kidogo tu, mambo yote yangeishia pale. Akasimama mlangoni.

"Fundi, iweke chini! Bibi hakusahau kitu. Ni mimi niliyeiwasha. Nilivunja wembe, halafu nikadanganya."

Fundi akaiweka mashine chini. Bibi akavuta kiti, akaketi.

"Wembe ulikupiga wapi?"

"Kwenye miwani."

Bibi akafumba macho, akashusha pumzi. "Hilo tutalizungumza. Leo ni Ijumaa. Fundi, nyembe za mashine unazo?"

"Sina, mpaka wiki ijayo. Ninao msumeno wa mkono, wembe wake ni mwembamba. Lakini utawatoa jasho."

"Jasho tunalo," Bibi alisema, akachukua penseli na ubao mpya.

Jumamosi na Jumapili walishinda chumba cha nyuma. Bibi alikata, Chapuchapu akapiga msasa. Kila alipomaliza herufi alifumba macho, akapitisha vidole pembeni. Palipokwaruza, alianza upya. Herufi S aliirudia mara tatu. Vidole vikamuuma hadi akashindwa kufunga kifungo cha shati.

"Pumzika, binti," Fundi alimwambia Chapuchapu alipopita kuwatazama.

"Bado R," alijibu bila kuinua kichwa.

Ya mwisho ilikuwa U. Bibi akamkabidhi msumeno. Ilimchukua karibu saa nzima, na hakusukuma hata mara moja.

Jumatatu walizipeleka darasani. Mtoto mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, alipapasa meza nzima, akachagua mbili. "Hii M. Hii A." Akaendelea kutafuta, uso umekunjamana. "Bibi Nesi, M nyingine iko wapi? Nataka kuandika mama."

Darasa zima likacheka, na mwalimu naye. Bibi hakuwa amelifikiria hilo.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Bibi alimshika mjukuu wake mkono.

"Ulipoharibu ubao, uliharibu ubao tu, na mbao zipo. Uliponidanganya, ulinifanya niamini kwamba akili yangu inaniacha. Hofu hiyo ilinikosesha usingizi. Siku nyingine ukikosea, niambie palepale, hata kama sauti inatetemeka. Nikijua, nitakusaidia kurekebisha. Nisipojua, naumia mimi na unaumia wewe."

"Nimeelewa. Nisamehe, Bibi."

"Nilikusamehe pale mlangoni, ulipomzuia Fundi. Ila mashine hutaigusa mwezi mzima. Utakata kwa mkono."

"Hata M na A za yule mtoto?"

"Hizo ndizo utakazoanza nazo," alisema Bibi.