Punje Zinazoelea

Kila asubuhi kabla ya shule, Kuntala alichagua mchele kwenye ungo kibarazani. Zamani alitoa mawe na makapi tu. Lakini tangu duka la mgao wa chakula cha serikali la kijiji chao, kule katika jimbo la Odisha, lianze kuleta mchele mpya, alisaka pia punje zenye rangi tofauti kidogo, ambazo zikitiwa majini huelea.

"Hiyo ni plastiki," rafiki yake Tuni alikuwa amemnong'oneza, akimwonyesha video kwenye simu ya kaka yake. "Mnalishwa plastiki, na bado mnashukuru!"

Tangu hapo Kuntala hakumwamini mtu. Alimtazama mwenye duka kwa jicho la pembeni. Hata Dada Sabita, mhudumu wa afya, alipopita akiusifu ule mchele, Kuntala alijiuliza amehongwa na nani. Kila punje aliyoishuku aliitia koponi akaitupa jioni, na hakumwambia mtu.

Mama yake, Sulochana, alizidi kudhoofika. Siku moja, akipandikiza mpunga, kizunguzungu kilimwangusha topeni. Wenzake walimleta nyumbani midomo imepauka, nao wakamwita Dada Sabita.

"Ni ule mchele!" Kuntala alilia. "Kuna punje zimenipita!"

Dada Sabita, aliyekuwa akimtoboa Sulochana kidole ili apime damu, aligeuka. "Zimekupita vipi, mdogo wangu?"

Kuntala alijiuma mdomo, kisha akasema yote. Alitarajia kufokewa.

"Kalete ulizotoa leo," Dada Sabita akasema. "Tuzichemshe, uone mwenyewe."

Kuntala aliinamia sufuria, akingoja punje ziyeyuke na kunuka kama mfuko unaoungua. Hazikuyeyuka. Zilivimba. Aliopoa moja, akaibonyeza, ikapondeka kama wali.

"Labda hii moja tu ndiyo mchele," alisema. Akaponda ya pili. Akaponda ya tatu. Zote zilipondeka.

"Ni unga wa mchele," Dada Sabita alieleza, "umetiwa madini ya chuma na vitamini, kisha ukafinyangwa kuwa punje. Mama yako ana upungufu wa damu, kama wanawake wengi hapa. Kumbe kila siku mtu alikuwa akimpunguzia dawa sahanini!"

Kuntala alijifunika uso kwa mikono.

Sulochana alipewa vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa asiache dengu na mboga za majani, na mchele uleule upikwe bila kutolewa kitu. Kufikia mavuno, alikuwa akifunga miganda ya mpunga huku akiwatania wenzake kwa uvivu wao.

Jioni moja Kuntala alimwuliza, "Mama, bado umenikasirikia?"

"Kwa kushuku? Hapana. Chakula cha watoto wangu hata mimi nakikagua," Sulochana alijibu. "Kosa lako ni kwamba ulishuku, ukahukumu, na hukumuuliza mtu. Siku nyingine ukiwa na wasiwasi, useme, tuchunguze pamoja. Kimya chako, mwanangu, ndicho kilichoniangusha topeni."