Besi Hawapo

"Devotha, ukinunua hilo lidude lenye taa, mimi Iringa siendi."

Anyelwisye aliyasema hayo mbele ya watu, katikati ya duka la Makoye pale Mwanjelwa, mkono kiunoni utadhani duka ni lake. Mimi nilikuwa nimeshalipenda lile sabufa. Jeusi, linang'aa, taa zinacheza nyekundu, bluu na kijani, na vispika vyake vidogo vimelizunguka.

"Hela ya nani?" nikamuuliza.

"Yako."

"Saluni anayesimama kutwa nzima kusuka watu ni mimi au wewe?"

"Wewe, mama."

"Basi nyamaza nichague."

Akanyamaza? Thubutu! Mungu alimnyima mwanaume huyu vitu vingi, lakini mdomo alimpa na nyongeza. Wiki nzima ni karani kwenye stoo ya mchele hapo Mbeya. Jumapili yuko kanisani kwao Moravian, yeye ndiye mtu wa mitambo. Ukitaja spika mbele yake umejitakia mwenyewe.

"Gonga hapa," akasema, akanishika mkono na kunigongesha kwenye lile sabufa. Likalia kama ndoo. "Haya, sasa gonga hizi."

Zilikuwa spika mbili za mtumba, za mbao, zimekaa sakafuni kwenye kona na vumbi lake. Nikagonga. Zikatoa mlio mfupi, mzito, basi.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia mbao."

"Ndiyo hiyo! Plastiki inaimba na yenyewe juu ya muziki. Hii mbao inatulia, inawaacha watu waimbe."

"Lakini hili boksi limeandikwa wati elfu kumi," nikang'ang'ana.

"Wati elfu kumi! Ukiwasha si mtaa mzima ungekaa gizani? Devo, hela yetu ni ndogo. Hela ndogo hatuitawanyi kwenye taa. Nyingi tunaiweka kwenye spika, kwa sababu ndizo zinazoimba. Inayobaki tunachukua amplifaya ndogo ya mtumba na kidude cha kuchomeka flashi. Sebule ya baba yako siyo uwanja wa Sokoine."

Makoye mwenye duka, Msukuma wa Rujewa, alikuwa anacheka nyuma ya kaunta.

"Shemeji, huyu ananiharibia biashara," akasema. "Ila hasemi uongo."

Anyelwisye akapapasa mpira wa pembeni wa kila spika kutafuta mpasuko. Akaisukuma ile koni, karatasi ngumu ya katikati, taratibu kwa vidole, sikio kalitega, asikie kama inakwaruza. Akajaribu amplifaya bila muziki, akitafuta mvumo. Nikamwangalia nikasema moyoni, angalau kwenye spika ni msikivu. Tukanunua.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa nahangaika hivyo. Baba yangu, Mzee Kalinga, ni mwalimu wa kwaya kwenye usharika wetu wa Kilutheri kule Kihesa, Iringa. Ujanani aliimba besi, ile sauti nene ya chini. Walikuwa wanne: yeye, Zabron, Abrahamu na Sosthenes. Wenzake wote wametangulia mbele za haki, kabaki peke yake na kaseti ya kwaya waliyorekodi pamoja. Na redio yake ya kaseti, ile yenye spika moja, ilikuwa imekufa. Anyelwisye akaihamishia ile kaseti kwenye flashi ili baba awasikie tena rafiki zake.

Na kulikuwa na la pili. Mshenga wa Anyelwisye alikuwa ameshafika kwetu, na baba akamjibu hivi: "Huyo kijana nimeongea naye kwenye simu. Anaongea, anaongea, anaongea. Mleteni nimwone kama na kusikiliza anajua. Mtu asiyesikiliza simpi binti yangu." Jibu la posa lingetoka Jumapili.

"Tukifika kwetu," nikamwambia Anyelwisye tukiwa tunafunga spika kwenye blanketi, "ongea nusu."

"Nusu yangu au nusu ya mtu wa kawaida?"

"Robo!"

Jumamosi mchana tukaingia Kihesa. Akachuchumaa mlangoni kwa adabu, akamwamkia baba kwa Kihehe chetu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene," baba akaitikia, akatabasamu kidogo. Nikasema asante Yesu, tumeanza vizuri.

Kumbe bado. Amplifaya tuliiweka juu ya kabati, na ili spika zote mbili zielekee kiti cha baba, waya wa ile ya kushoto haukufika. Anyelwisye akatoa kipande cha waya mweusi mfukoni akaanza kuunga nyuma ya kabati, huku anamsimulia shangazi Severina jinsi watu wa Mbeya wanavyopigwa hela kwa masabufa ya taa. Shangazi anacheka, yeye anaunga. Shangazi anauliza, yeye anajibu na kuunga.

Kisha akachomeka flashi. Kwaya ikaanza. Baba akainamia mbele, akafumba macho, sote tukamtazama. Akakunja uso.

"Besi hawapo."

"Wapo, baba," Anyelwisye akasema. "Hii ni sauti safi. Umezoea ile redio iliyokuwa inavuma."

"Kijana, besi hawapo. Soprano nawasikia. Alto nawasikia, tena hao hapo. Sisi tuko wapi?"

Anyelwisye akaongeza sauti. "Hapo je?"

"Umeongeza kelele. Besi hawapo."

Nikamkonyeza Anyelwisye aache. Hakuniona. Mdomo ulikuwa umeshaondoka.

"Mzee, labda ni masikio tu. Umri ukienda na masikio yanachoka."

Baba akasimama, akachukua kofia yake, akatoka zake nje kwenye migomba. Mama akainamisha kichwa.

"Haya, Devotha," shangazi akasema. "Tafuta mwingine."

Nikamfuata Anyelwisye hadi getini.

"Umemwita baba yangu kiziwi! Nyumbani kwake! Kwenye kiti chake!"

"Devo, sijasema kiziwi..."

"Nenda gesti kwako, na Mbeya rudi peke yako. Usinipigie."

Mkwe halali ukweni, kwa hiyo alikuwa amepanga gesti mjini. Akaondoka kichwa chini. Mimi nikabaki nalia, na kilichoniliza zaidi ni kwamba hata mimi nilidhani baba amekosea. Nilisikia kwaya inaimba, basi. Na mimi nilisema moyoni kwamba mzee masikio yanakwenda.

Jioni tukila, baba akamuuliza mama kwa sauti ndogo.

"Mama Devotha, hivi nimeanza kuwa kiziwi?"

"Nikikuita kula unasikia?"

"Hiyo nasikia."

"Basi hujawa."

Hakucheka. Asubuhi nikamkuta anakunja joho lake la kwaya, analitia kwenye mfuko.

"Baba, unalipeleka wapi?"

"Nalirudisha. Mwalimu asiyesikia besi anafundisha nini?"

Jamani, hapo moyo ulinikatika. Simu yangu ikaingia ujumbe.

"Devo sijalala. Naomba nije niisikilize tena ile kwaya. Sitaongea."

Nikamjibu: "Wewe? Hutaongea?"

"Nikiongea nifukuze."

Nikawaambia wazazi na shangazi watangulie kanisani, mimi nabaki na chakula cha mchana. Akaja. Akaniamkia tu, akakaa kwenye kiti cha baba, akafumba macho. Kwaya ikaimba mpaka mwisho, mwanaume kimya. Sijawahi kumwona hivyo tangu nimjue. Akainuka, akachomoa spika ya kushoto, ikabaki ya kulia peke yake.

Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nikasikia wanaume wananguruma kule sebuleni, wazito, wamesimama chini ya wale akina mama wanaoimba juu. Nikakimbia kuangalia.

"Hao ni akina nani?"

Hakujibu. Akachomeka tena spika ya kushoto. Wale wanaume wakatoweka. Akachomoa, wakarudi.

"Besi," nikasema. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni.

Akajipenyeza nyuma ya kabati, akakaa huko kitambo, akatoka na ule muungo wa waya mkononi.

"Nimeunga kinyume," akasema. "Nyuzi zote mbili za huu waya ni nyeusi, nimezipishanisha. Spika moja ikisukuma nje, mwenzake inavuta ndani. Zile sauti nene zinauana hapo katikati. Duka zima nililisema, kosa nimekuja kulifanya mimi."

"Jana ulikuwa unaongea na shangazi."

"Jana nilikuwa naongea na shangazi."

Nikapata akili ya haraka.

"Basi geuza sasa hivi kabla hawajarudi! Baba anafika, anawakuta besi wake, tunamwambia mashine ilikuwa bado haijazoea. Nani atajua?"

Akaniangalia.

"Baba kaenda wapi na lile joho, Devo?"

Nilikuwa nimeshamwambia mlangoni.

"Nikigeuza kimyakimya, atajua besi wamerudi," akasema. "Lakini hatajua kwamba masikio yake hayakuwa na kosa. Atajishuku kila siku. Mimi ndiye niliyemtia hiyo shaka."

"Na akikukataa?"

"Nitakuwa nimekataliwa na mtu mwenye masikio mazima."

Nikarudi jikoni nalia kwa hasira na kwa kumpenda, vyote kwa pamoja. Wali wenyewe uliungua upande.

Wakarudi. Baba mikono mitupu, joho keshalirudisha. Kumwona Anyelwisye akasimama palepale mlangoni. Shangazi akaguna. Anyelwisye akachuchumaa.

"Baba, jana nilisema masikio yako yamechoka. Masikio yako ni mazima kuliko ya wote tuliokuwa humu. Aliyekosea ni mimi. Naomba ukae nikuonyeshe, halafu kama ni kuondoka nitaondoka."

Baba akakaa. Anyelwisye akawasha spika zote mbili.

"Besi hawapo," baba akasema.

"Hawapo, baba. Uko sahihi."

Akachomoa moja. Baba akashtuka kitini. Akaichomeka tena, wakapotea. Kisha akauleta ule muungo hadi miguuni kwa baba, akaufungua mbele ya macho yake, akageuza waya, akafunga vizuri. Hakuwa anaongea na mtu yeyote. Akaanzisha wimbo upya.

Sijui niseme nini. Ile kwaya iliingia sebuleni, kila mtu kasimama mahali pake. Zile spika za mbao, nilizozidharau, hazikuonekana kufanya chochote, watu tu walikuwa wanaimba mbele yetu.

"Zabron huyo," baba akasema. "Sikia. Siku zote alikuwa anawahi kuingia, ng'ombe yule! Tulimsema mpaka tukachoka. Na huyo Abrahamu. Huyo anayeshuka chini kabisa, huyo Sosthenes." Machozi yalikuwa yanamshuka naye anacheka. Akafungua mdomo akaimba nao, besi, wanne tena. Mama akajifuta macho kwa kitenge. Shangazi naye, ingawa mpaka leo anakataa.

Wimbo ulipoisha baba akamgeukia.

"Kijana. Huo waya ungeweza kuugeuza mimi nikiwa kanisani. Nisingejua."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini hukugeuza?"

"Ungeendelea kudhani masikio yako yamekufa."

Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akamshika mkono akamwinua kutoka pale chini.

"Ndaga fijo, mwanangu."

Anyelwisye akatoa macho. Hayo ni maneno ya kwao, asante sana kwa Kinyakyusa.

"Kaka!" shangazi akaruka. "Kinyakyusa umekijulia wapi?"

"Nimejifunza wiki hii kwa jirani. Mkwe akikuletea kitu umshukuru kwa lugha yao."

"Wiki hii?" nikauliza. "Kwa hiyo baba, ulikuwa umeshakubali kabla hatujafika?"

"Nilikuwa nasubiri tu anyamaze kidogo."

Tulicheka mpaka wali ulioungua tukaula wote bila kulalamika. Jumatatu asubuhi baba akaenda kulidai joho lake. Wakampa wakimshangaa, naye akawaambia fundi alikosea waya, basi. Hakumtaja mtu.

Harusi yetu tulifunga Kihesa. Kwaya ya baba ikaimba, yeye amesimama katikati ya besi na joho lake. Kila siku namshukuru Mungu kwa baba asiyekubali kudanganywa kuhusu anachosikia, na kwa mume aliyeweza kunyamaza siku moja, siku ile iliyohitajika. Na Makoye naye namshukuru kwa kuniachia niende bila lile lidude lake.

Ukumbini jioni, mitambo ya kukodi ikaanza kupiga. Watu wanataka kucheza. Baba yangu akanyoosha mkono juu, MC akazima muziki.

"Mzee, kuna tatizo?"

Baba hakumjibu MC. Alikuwa anamtazama mkwewe.

"Kijana. Besi hawapo."

Mume wangu akavua koti la harusi, akanipa nimshikie, akaenda moja kwa moja nyuma ya spika. Hakubisha.