Mtumbwi wa Upepo wa Mzee Hamira

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata chembe. Nilikuwepo, na macho yangu hayajawahi kunidanganya. Anayebisha aje aniulize. Nipo kwenye benchi nje ya duka la mikate kila asubuhi.

Mwenye duka hilo ni Mzee Hamira. Jina lake hasa watu wamelisahau, na nadhani hata yeye hulikumbuka kwa shida. Amekanda unga tangu ujana. Aliamka watu wanapolala, akalala watu wanapoamka. Mkewe alisimama kaunta mchana kutwa akiuza ile mikate. Walikuwa mke na mume wa kupokezana zamu. Mmoja akivua aproni, mwingine anavaa.

Mwaka huu Mzee Hamira alimwachia mkwe wake kazi ya tanuri. Sasa wakawa na jioni nzima, wawili, sebuleni. Hapo wakagundua kwamba hawana la kuzungumza.

"Chai imepoa?" Mzee aliuliza.

"Imepoa," mkewe alijibu.

Basi. Kimya. Saa ya ukutani ndiyo iliyosema maneno mengi kuliko wao.

Siku moja Mzee Hamira alipita kando ya bwawa, nje ya mji. Maji yalikuwa yametulia kama yamepigwa pasi. Aliona mume na mke wa rika lake wamekaa kwenye mtumbwi wa kujaza upepo. Walipiga makasia polepole, wakiongea na kucheka. Mzee aliwatazama mpaka shingo ikamuuma.

Alirudi nyumbani na neno moja.

"Mke wangu, nanunua mtumbwi wa upepo. Twende bwawani."

"Wewe na mtumbwi wapi na wapi? Maji unayoyajua ni ya kukandia unga."

"Twende tu, mama watoto."

Mkewe aliyaogopa maji, na kuogelea hakujua. Lakini aliuona uso wa mumewe, akalegea.

"Sawa. Mara moja tu. Nikilowa juu ya magoti, usinitajie tena bwawa maisha yako yote."

Mzee Hamira alielewa. Ana nafasi moja. Akiiharibu, atarudi sebuleni kusikiliza saa.

Kesho yake alikwenda sokoni. Aliona sanduku lenye picha ya watu wanaocheka ndani ya mtumbwi wa njano. Bei ilikuwa chee. Hakusoma neno hata moja. Aliitazama picha, akalipa, akarudi anapiga mluzi.

Uani aliujaza upepo kwa pampu ya mguu. Akaubonyeza kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza unga. Kidole kikazama, kikarudi polepole.

"Unaumuka vizuri," alisema. "Umebaki joto kidogo tu."

Unga ukihitaji kuumuka, huwekwa penye joto. Basi na mtumbwi aliuweka penye jua kali, akaongeza upepo mpaka ukakaza, akaingia ndani kunywa chai.

Hewa ikipata joto, hutanuka. Mzee hakulifikiria hilo. Mara, BUM! Mtumbwi ulipasuka mshono. Uliruka juu ya ukuta, ukapita mapaa mawili, ukachukua suruali kwenye kamba ya mtu, ukatua uani kwa jirani umevaa ile suruali.

Jirani huyo ni mwalimu wa kuogelea. Mtaani wanamwita Kambale. Mke wa Mzee Hamira ni kama dada yake, kwa hiyo Mzee ni shemeji, na kwa shemeji Kambale hana huruma. Alifika amekumbatia ile plastiki.

"Shemeji, umeanza kuoka maboya?"

Mzee alitazama chini. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hicho ndicho ulichotaka nipande?" aliuliza. "Basi mara moja yangu imekwisha."

Moyo wa Mzee Hamira ulishuka mpaka kwenye kandambili.

"Dada, hiyo haihesabiki," Kambale alisema. "Haukufika hata majini. Shemeji, lete sanduku lake."

Mzee alileta. Kambale akaweka kidole chini ya picha, penye maandishi madogo.

"Soma."

Mzee alisoma. "Kifaa cha kuchezea. Kitumike kwenye dimbwi la kuogelea. Si chombo cha kusafiria majini."

"Umenunua mdoli," Kambale alisema. "Shika hapa. Ni mwembamba kama koti la mvua. Tena una chumba kimoja tu cha hewa. Kikitoboka, mnabaki mmekalia nini?"

"Tunakalia maji," mkewe alijibu.

"Umeona? Dada ameshaelewa. Chagua wenye vyumba vya hewa viwili au vitatu. Kimoja kikitoboka, vingine vinawabeba mpaka ukingoni. Na plastiki yake iwe nene, hasa chini."

"Mwenye fedha ndogo afanyeje?" Mzee aliuliza.

"Kwanza ajue anataka nini. Hapo ndipo watu wanapoteza fedha. Mtapanda wangapi?"

"Wawili."

"Uzito?"

Wakatazamana. Kambale aliwapeleka dukani, wakapanda mmoja mmoja kwenye mizani ya magunia ya unga. Mkwe alisoma namba kwa sauti, wateja wakasikia, mke wa Mzee akamfinya.

"Jumlisheni na mzigo wenu," Kambale alisema. "Halafu tafuteni mtumbwi unaobeba zaidi ya hapo, zaidi ya hapo sana. Ukiujaza mpaka mwisho wa uwezo wake, unakuwa mzito, unakaa chini, maji yanaingia."

Jumamosi waliongozana watatu hadi duka linalouza vifaa vipya na vilivyotumika. Muuzaji aliwapokea na ubao mrefu wa kujaza upepo.

"Mzee, huu ndio wa kisasa," alisema. "Unasimama juu yake, unapiga kasia, mji mzima unakutazama."

Mzee Hamira alivimba kichwa. Alijiona amesimama katikati ya bwawa kama sanamu.

"Nachukua huu."

"Subiri, shemeji. Simama kwa mguu mmoja."

"Kwa nini?"

"Simama tu."

Mzee alisimama. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akakamata rafu ya kofia. Kofia zote zikamwagika.

"Ubao si mbaya," Kambale alisema akiokota kofia. "Ni mwepesi, unabebeka, na aina zake nyingine ni za bei nafuu. Unafaa mtu mmoja anayependa kusimama. Anayeanza achague mpana, maana mwembamba hutikisika, na anaweza kuanza kwa kupiga magoti. Lakini nyinyi ni wawili, mnataka kukaa na kuongea. Na mmoja wenu hataki kulowa. Chukueni mtumbwi wa viti viwili."

"Wenye viti vya kuegemea," mkewe aliongeza. "Mgongo wangu umesimama kaunta miaka yote."

Mitumbwi mipya ya namna hiyo iliwashinda bei. Muuzaji akaleta miwili iliyotumika. Kambale hakuitazama rangi. Aliijaza upepo, akaomba bakuli la maji ya sabuni na kitambaa. Akapaka kwenye mishono yote na kwenye vali za kujazia.

"Tazama mapovu," alisema.

Kwenye mtumbwi wa kwanza mapovu yalichemka kwenye mshono.

"Nitawapunguzia," muuzaji alisema haraka.

"Hapana, kaka. Tundu katikati linazibwa kwa kiraka. Mshono unaoachia leo hapa, kesho utaachia pale."

Mtumbwi wa pili ulitoa mapovu kwenye vali tu. Kambale akaikaza vali, mapovu yakakoma. Wakauacha umejaa, kivulini, mpaka siku iliyofuata. Waliporudi bado ulikuwa mgumu.

"Huu," Kambale alisema. "Sasa tazameni na vilivyomo. Mtumbwi wa bei ndogo usio na pampu wala makasia ni ghali, kwa sababu vyote hivyo utavinunua."

Huo ulikuwa na makasia mawili, pampu yenye geji ya kupimia upepo, viraka na gundi, mkoba wa kubebea, na pezi dogo la kufunga chini nyuma.

"Pezi la nini?" Mzee aliuliza.

"Ili uende mbele, shemeji. Bila hilo utazunguka pale pale kama mwiko kwenye sufuria."

Kwa fedha iliyobaki walinunua majaketi mawili ya kuelea. Kambale alimvalisha dada yake, akafunga vifungo vyote, akavuta mabegani kwenda juu. La kwanza lilipanda mpaka masikioni.

"Kubwa hili. Likipanda nchi kavu, majini litakuvuka kichwa."

La pili halikupanda. Wakachukua hilo.

Asubuhi ya safari Kambale aliwasindikiza, na bwawa lilikuwa shwari. Mzee Hamira alipampu ukingoni, jasho likimtiririka. Kisha, mazoea ni mazoea, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Umeumuka. Twende."

"Sindano ya geji haijafika," mkewe alisema. Alikuwa ameinama juu ya vali, miwani puani. "Hapa pameandikwa namba, na sindano iko chini yake."

"Mke wangu, kidole hiki hakijawahi kukosea."

"Kwenye mkate. Pampu."

Kambale alicheka. "Msikilize dada. Ukiwa laini utapinda katikati kama godoro, na maji yatamfuata yeye aliyekaa. Wala usipite hiyo namba. Si umeona ya juzi?"

Mzee alipampu mpaka sindano ikafika, wala haikupita. Wakavaa majaketi. Kambale akarusha majani makavu hewani, yakaenda upande wa kushoto, sambamba na ukingo.

"Upepo mdogo. Anzeni kwa kuukabili, ili mkichoka ndio uwarudishe. Msiende mbali na ukingo. Siku mkiona upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda katikati, kaeni nyumbani. Vitu vya upepo ni vyepesi, husukumwa kama jani."

Mke wa Mzee aliingia kwanza. Kambale aliushika mtumbwi usitikisike. Mama wa watu alikaa mbele, akashika kingo zote mbili kama anazuia mlango. Mzee akaingia nyuma.

"Kushoto!" Mzee alisema.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Mama watoto, si tumetazama upande mmoja?"

"Usinipigie kelele majini!"

Makasia yaligongana, ko! Yakagongana tena. Mtumbwi ukageuka ukawatazamisha walikotoka. Kambale, ukingoni, alikaa chini kwa kicheko.

"Wa mbele apige, wa nyuma amfuate!" aliwapigia kelele. "Shemeji, leo wewe ndiye msaidizi!"

Mzee akamfuata mkewe. Moja, mbili. Moja, mbili. Mtumbwi ulinyooka, ukaanza kuteleza. Pembeni bata wawili walisogea kuwapisha. Mkewe akaachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu nyumbani.

"Unajua," alisema bila kugeuka, "yule mteja aliyekuwa anakuja na mbwa wake kila Jumatatu, anaoa."

"Mteja gani?"

"Kumbe hukuwahi kumwona. Ulikuwa umelala."

Akamsimulia. Baada ya huyo akamsimulia mwingine. Wateja wa miaka yote, wenye mikopo, wenye wivu, wenye kuomba mkate wa jana. Mzee alisikiliza, akauliza, akacheka. Alicheka mno, akainua kasia juu mno, na maji yakamwagika mbele, pwaa, mapajani mwa mkewe.

Mzee aliacha kasia hewani. Bwawa zima lilingoja.

Mkewe alitazama sketi yake. Akalisogeza jaketi, akapima kwa macho.

"Ni juu ya magoti," alisema.

"Nimeona."

"Yanapoza vizuri." Akachovya kasia lake. "Haya, piga. Sijammaliza yule wa kuomba mkate wa jana."

Siku hizi huenda karibu kila wiki. Wakirudi, huusuuza mtumbwi kwa maji safi, huufuta na kuukausha mpaka ndani ya mikunjo, ndipo wanaukunja na kuuweka kivulini. Hawauburuti juu ya mawe, huubeba. Na jioni sebuleni ile saa haisikiki tena.

Nilikuwa nimefika hapa, nikiwasimulia wateja kwenye benchi, mke wa Mzee Hamira alipotoka dukani na sinia la mikate.

"Uliruka juu ya mapaa mawili?" aliuliza. "Na suruali?"

"Kwa macho yangu," nilisema.

"Muongo wewe! Ulitoa fyuuu, ukalala chini kama paka mgonjwa. Kambale alikuja kwa sababu alitusikia tukigombana."

Watu wakaangua kicheko.

"Na bwawani ulituonea wapi?" akaendelea. "Siku ile hukuwepo. Hujawahi hata kukanyaga ukingo. Unaogopa maji kuliko mimi nilivyokuwa naogopa."

Ningeapa tena, lakini nani angesikia?

"Utalipa," alisema. "Jumamosi mume wangu anakupisha kiti cha nyuma. Jaketi nitakuazima. Nitajie uzito wako, tuone kama mtumbwi unatubeba."

"Sabini," nilisema.

Alilitazama tumbo langu. Wateja nao wakalitazama. Mzee Hamira alitoka ndani, akaegemea mlango kusikiliza.

"Huu ni mtumbwi," mama yule alisema taratibu. "Mtumbwi hauli chumvi. Kilo ngapi?"

Nikasema ukweli mbele ya watu wote.

"Mia moja na nne."