Ndoo ya Bi Monica: Juu Moto, Chini Baridi

Eufrazia anaishi Mbagala na mumewe Albano, fundi viatu. Juni hii mama yake Albano, Bi Monica, alikuja kutoka Masasi kuwatembelea. Miguu inamsumbua, kwa hiyo huoga maji ya moto.

Asubuhi ya kwanza Eufrazia alijaza ndoo maji, akaning'iniza hita ya umeme ndani yake. Hita ilikuwa fupi, ikaishia juujuu. Baadaye akachomoa umeme, akachovya kidole. Maji moto! Akaibeba ndoo polepole hadi bafuni.

Bi Monica akajimwagia kopo la kwanza.

"Mamaaa! Naungua!"

Akajimwagia la nne.

"Yesu wangu! Barafu!"

Alitoka na khanga, povu la sabuni masikioni.

"Albano! Mkeo ananibanika, kisha ananigandisha. Kama hanitaki, aseme. Leo hii narudi Masasi!"

"Mama, maji ni ya ndoo moja," Eufrazia alijitetea, machozi yakimlengalenga.

"Ndoo moja ina moto na baridi? Huo ni uchawi!"

Albano alimtazama mama. Akamtazama mke. Akaanza kutafuta soksi zake.

Jirani yao Rumaisa, muuza juisi nyekundu ya choya, alisikia kelele, akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunisindikiza stendi?"

"Hapana, mama. Kaa kidogo, nikuonyeshe kitu."

Rumaisa alijaza choya ya moto kwenye kichupa cha dawa. Akakifunga uzi shingoni, akakishusha hadi chini ya jagi la kioo lenye maji baridi. Wekundu ukatoka kichupani, ukapanda kama moshi, ukatanda juu. Chini maji yakabaki meupe.

"Umeona, mama? Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda. Ya baridi ni mazito, hushuka. Ukiinjika maharage, moto uko chini. Maji ya chini yanapanda, ya juu yanashuka nayo yapate moto. Yanazunguka hivyo mpaka sufuria nzima ichemke."

"Na hita?"

"Hita ilikaa juu. Maji ya juu yakapata moto, yakabaki hukohuko. Ya chini hayakupata habari."

"Sasa mie nifanyeje?" aliuliza Eufrazia.

"Chomoa umeme kwanza, kama ulivyofanya. Usiguse maji hita ikiwa na umeme. Kisha toa hita, koroga kwa mwiko mpaka chini. Ndipo upime."

Bi Monica alilikodolea macho jagi.

"Kwa hiyo si uchawi?"

"Si uchawi, mama."

"Hata kidogo?" aliuliza, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Kesho yake Eufrazia alikoroga vizuri. Bi Monica akaingia bafuni. Punde ukasikika wimbo wa kanisani. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa tatu. Wapangaji wenzao wanne walisimama mlangoni pa bafu na mataulo yao.

"Bibi, tunachelewa kazini!"

"Subirini!" alijibu Bi Monica. "Maji haya kayakoroga mkwe wangu. Siachi hata tone!"