Mashine ya Watu Ishirini na Wawili

Mama Emerance alikuwa amechoka kusema. Alikaa mbele ya nyumba yake akimenya muhogo, na kisu kilikwenda mbio kwa sababu ya hasira. Mashine ya kusaga ya chama chao ilikuwa imesimama siku tisa. Kila nyumba ilikuwa na mihogo mikavu inayongoja kusagwa, na mvua zilikuwa zimeanza. Muhogo mkavu ukishika unyevu huota ukungu, na hapo hakuna unga tena.

Kijiji chao kiko kwenye njia ya kwenda Niemba, magharibi ya Kalemie. Wakulima ishirini na wawili, wanaume na wanawake, walijiunga hapo. Walilima shamba moja kwa misimu mitatu, wakanunua mashine. Walifanya kazi nzuri sana. Lakini siku ya kununua walifanya ujinga, na mimi siogopi kuuita ujinga.

Watu sita walikwenda dukani Kalemie. Muuzaji akauliza aandike jina gani kwenye faktire, yaani karatasi ya mauzo. Sita hao wakaangaliana. Watano walikuwa wameacha karte zao za uchaguzi, ambazo ndizo kitambulisho chao, nyumbani, chini kabisa ya sanduku, kwa kuogopa zisiloe njiani. Aliyekuwa na karte mfukoni ni Papa Barnabé, mume wa Emerance na prezida wa chama. Basi muuzaji akaandika jina la Papa Barnabé. Wakarudi kijijini wakiimba.

Sasa mashine ilikuwa imeharibika, na muuzaji alikuwa ameahidi kuitengeneza bure mwaka wa kwanza. Mama Dorothée, jirani wa Emerance, alikwenda mjini kumkumbusha. Muuzaji alimjibu kwa heshima kwamba yeye hakijui chama chochote. Anamjua mtu aliyeandikwa kwenye faktire, aje huyo. Na mtu huyo alikuwa Pepa, juu mlimani, akiangalia ng'ombe wa mjomba wake mahali ambapo simu haishiki.

Dorothée hakukubali. Alikwenda kwenye biro, ofisi moja ya serikali, kushitaki. Karani akamuuliza nani anashitaki. Akajibu kwamba ni chama. Karani akaomba karatasi za chama. Dorothée akatoa daftari la shule lenye majina ishirini na mawili. Karani akalitazama, akamrudishia.

"Mama, mbele ya sheria chama chenu hakijazaliwa," alisema.

Papa Barnabé alirudi siku ya kumi na mbili. Alikwenda mjini, akasaini, na fundi akatengeneza mashine asubuhi moja tu. Lakini Dorothée alikuwa amekwisha kutupa magunia mawili ya muhogo uliooza. Hakumsalimu Papa Barnabé kwa wiki nzima.

Wiki iliyofuata alipita Monita Laetitia, mwanamke anayezunguka na pikipiki kufundisha wakulima. Alikuta watu wamenuna. Walipomweleza kisa chote, alishika kichwa. Mwaka uliopita aliwaambia mambo hayo hayo, wakampigia makofi, kisha wakalala.

Akaanza upya. Alisema chama chao ni kikundi cha marafiki tu. Wakitaka kiwe na nguvu ya sheria, wakiandikishe kuwa koperative, yaani chama cha ushirika. Kwanza wakae mkutano wote, waandike stati, yaani kanuni zao, na kuchagua viongozi. Kisha wapeleke karatasi kwenye biro inayoandika koperative. Koperative ndogo inahitaji watu watano tu, na wao ni ishirini na wawili.

"Siku inapoandikwa, koperative inakuwa muntu mbele ya sheria," alisema. "Inaweza kuwa na shamba na mashine kwa jina lake. Inaweza kununua, kuuzisha, kufanya mapatano na kukopa. Muntu akiiharibia, inaweza kumushitaki. Na yeye pia anaweza kuishitaki."

Dorothée aliuliza kama prezida ataweza kuuza mashine siku akipenda. Laetitia akasema hapana. Kiongozi anafanya yale tu ambayo stati na mkutano vinamruhusu. Na katika mkutano kila mtu ana kura moja, awe na shamba kubwa au dogo.

Papa Barnabé alikuwa akisikiliza huku amekunja mikono. Si mwizi, hajawahi kula hata kikombe cha unga wa wenzake. Lakini ni mbishi.

"Koperative haina mikono," alisema. "Itasaini na nini? Mimi niko hapa. Jina langu linatosha."

Emerance alimwambia kwamba jina lake lilikuwa Pepa wakati mihogo inaoza. Watu wakacheka, naye akakasirika, na mkutano ukaishia hapo. Inachosha kweli. Watu wazima wanaonyeshwa njia, halafu mmoja ananuna na wote wanakwenda nyumbani.

Mwezi mmoja haukuisha, malaria kali ikamwangusha Papa Barnabé. Siku tatu hakuinuka kitandani. Habari ilifika Zongwe, kando ya ziwa, na mdogo wake Salomon, mvuvi, akapanda mtumbwi wa injini kuja kumwona. Alileta samaki wakavu na kukaa na mgonjwa vizuri. Kisha akatoka nje, akamwomba shemeji yake faktire ya mashine, aiangalie tu.

"Juu ya nini?" Emerance aliuliza.

"Shemeji, usikasirike. Mungu akimuita kaka, bintu vyake vinarudi kwetu, watoto wa tumbo moja. Njo desturi. Nimeulizia gari ya kubeba mashine mpaka bandarini."

"Ile mashine ni ya watu makumi mbili na wawili."

"Karatasi inasema ya Barnabé," Salomon alijibu taratibu.

Hakuwa mtu mbaya. Alisoma karatasi kama ilivyoandikwa. Ndiyo maana Emerance alikaa chini, akalia kwa uchungu. Ukuta wa nyumba ni wa udongo na dirisha halina kioo. Papa Barnabé alikuwa amesikia yote, mpaka habari ya gari.

Alipopata nguvu ya kukaa, alimwita mke wake.

"Mama, ningekufa juzi, lelo mashine iko Zongwe."

"Iko Zongwe," Emerance alikubali.

"Na ninyi mungesema nini?"

"Hatungesema kitu. Tungesema nini, na daftari ya shule?"

Papa Barnabé akamwambia amtafute Laetitia. 

Mkutano ulifanyika Jumamosi. Laetitia aliwasaidia kuandika stati. Walichagua kamati ya watu watatu: Barnabé, Dorothée, na Éliézer, anayejua kusoma kuliko wote. Walipopangiwa siku ya kwenda Kalemie kuandikisha, Emerance alipita nyumba kwa nyumba jioni ya kabla, akiwaamuru watu watoe karte kwenye masanduku mbele ya macho yake. Hata hivyo mmoja aliisahau. Alirudishwa kwa miguu kuichukua, na hakuna aliyemhurumia.

Koperative ilipopata karatasi zake, mkutano ulikaa tena. Mbele ya wote, na Salomon akiwa shahidi, Papa Barnabé alisaini kwamba mashine ni mali ya koperative. Salomon alisoma mara mbili, akamwambia kaka yake kwamba sasa ameelewa.

Msimu uliofuata mashine iliharibika tena. Na Papa Barnabé, bila shaka, alikuwa Pepa. Dorothée na Éliézer walikwenda kwa fundi na karatasi za koperative, wakafanya mapatano, wakasaini kwa jina hilo la koperative. Siku ya tatu mashine ilikuwa inasaga.

Papa Barnabé aliporudi, alikuta foleni ndefu ya makapu. Aliuliza nani alisaini. Wakamwambia. Aliona uchungu kidogo, ilionekana usoni. Kisha akabeba kapu lake, akaenda moja kwa moja mbele, kama alivyozoea.

Emerance, aliyekuwa na zamu ya kupokea makapu, alimwonyesha mwisho wa foleni.

"Nyuma ya Mama Dorothée, Papa. Na ukitaka, sasa unaweza kugonjwa vizuri. Mashine haiendi popote."

Papa Barnabé akasimama nyuma ya Dorothée. Dorothée akageuka, akamsalimu.